Chubwi

Lebo imeandikwa kwa wino uliolowa barafu:
TUMBE. CHEWA. INI.
Nimelikata ini vipande vidogo kama kucha za mtoto,
nikalitia tindikali, nikaliacha liungue polepole
hadi likawa maji meupe, hayana hata harufu ya bahari.

Mashine hainong'oni. Imeandika: RISASI.
Na mbele yake tarakimu
ambayo sikuitaka.

Lugha yetu bahili, au ina hekima yake:
kinachotoka mtutuni
na kinachozamisha ndoana
tumevipa jina moja.

Huko Tumbe, nyuma ya jiko letu, palikuwa na karakana.
Shaame Faki, fundi machubwi, baba yangu.
Betri za magari zilizokufa alizinunua kwa kilo,
kutoka Konde, kutoka Wete, nyingine kwa deni,
akazipasua kwa shoka, maji yake makali akayamwaga mchangani.
(Mgomba uliokuwa pale ukakauka. Tukasema husuda.)

Kisha sufuria juu ya makumbi.
Mimi nilikuwa mpuliza moto, miaka saba, nane hivi.
Risasi ikishayeyuka hutulia, hung'aa,
ukiinamia unauona uso wako.
Humo nilijiona
kabla sijawa na kioo changu mwenyewe.

Aliimimina kwenye kalibu za mchanga,
na chubwi likipoa alilijaribu kwa meno.
"Lina utamu," aliniambia siku moja, akanipa nilambe.
Kweli. Lilikuwa na utamu.

Kwa machubwi hayo nilivaa sare.
Kwa machubwi hayo nilisoma kemia Chake,
nikavuka kuja Unguja, nikavaa koti jeupe,
nikajua kuwa utamu ule una herufi mbili
na namba: themanini na mbili.

Chewa si samaki wa safari.
Jodari utamsingizia maji ya mbali, meli za watu,
viwanda vya nchi usizozijua.
Chewa pango lake ni lile lile, mlango ule ule,
na mlangoni pake mishipi inakatika tangu sijazaliwa.
Mwamba huuma mshipi. Chubwi hubaki.
Halipigi kelele. Linakaa tu, linajitoa kidogo kidogo,
chembe kwa kaa,
kaa kwa pweza,
pweza kwa chewa,
chewa kwa sinia, na sinia
tunaizunguka sote, mikono imenawa.

Yamenikata maini, na mbele yangu ini.

Nikampigia. Simu ikapokewa na Mkasi, dada yangu,
maana mkono wa baba siku hizi unatetemeka, kitufe anakikosa.
Tunasema uzee.
Mgomba nao tulisema husuda.

"Baba, yale machubwi yaliyokatikia mwambani,
kwa makisio yako, mangapi?"
Akacheka hadi akakohoa.
"Wewe Mize! Nani anahesabu kilichozama?"

Mimi, baba.
Sikulitamka. Nilikuwa na kalamu mkononi
na fomu yenye mstari mtupu:
Chanzo kinachodhaniwa.

"Mzigo wangu umeupata?" akauliza.
"Nimempa kijana wa meli. Chewa, mnono.
Kichwa chake usimpe mtu."

Mzigo ulikuwa chini ya meza, ndani ya ndoo.
Nikaufunua huku simu iko begani.
Jicho wazi, mdomo mnene umeachama,
ndoana imekwama kooni, hakuna aliyehangaika kuitoa,
na kwenye kipande cha mshipi kilichoning'inia
chubwi jipya, dogo, linang'aa bado,
lina alama ya jino moja.

"Nimeupata," nikasema.